Klore Ndani ya Maji ya Papa Hygiène

Harufu ilinipata kabla sijaingia. Nilikuwa nimetoka ziwani na ndoo kichwani, maji ya kubadilishia, na pale kwenye baraza ya Papa Hygiène nikajua ni klore, dawa ile ya kutia kwenye maji, kwa sababu klore mimi siwezi kuisahau. Mlango ulikuwa wazi. Kufuli ilikuwa inaning'inia upande mmoja. Ndani ya vitrine yake ya kioo, maji ambayo asubuhi yalikuwa safi hata ungeona punje za mchanga yalikuwa yamegeuka kama maji ya kuoshea mchele. Samaki wale wadogo walikuwa juu, ubavu, wote. Vyura walikuwa wamejibana kwenye kona moja, mmoja juu ya mwingine, wanasukuma kioo kwa pua. Walikuwa bado wazima. Niliwatoa kwa mikono mmoja mmoja, nikawatia ndani ya ndoo yangu, nikawaosha, nikawaosha tena. Ngozi yao ilikuwa inabaki kwenye vidole vyangu kama ute. Wa mwisho alikufa saa sita mchana, na mimi bado nimechuchumaa. Kesho yake njo ilikuwa siku ya mwenyewe kurudi kutoka kwa binti yake, kule Bendera.

Ufunguo nilikuwa nao mimi. Hilo watu wote wa avenue wanalijua. Mengine hawayajui, na nayaandika sasa kwa sababu kuna kaye, daftari la komite ya usafi, ambamo imeandikwa kwamba mimi nilikubali.

Mwenye samaki tulimwita Papa Hygiène. Jina analo, lakini sikusikia mtu akilitumia, hata binti yake kwenye simu alikuwa anauliza, "Papa Hygiène yuko?" Alifanya kazi ya usafi wa serikali miaka mingi hapa Kalemie, mpaka wakampumzisha. Kumpumzisha yeye ni neno tu. Alibaki anaingia kwenye parsele, viwanja vya watu, na kaye yake na Bic mfukoni, anaangalia pipa kwanza, halafu ndiyo anaangalia uso wa mtu. Kama pipa halina kifuniko, salamu unaikosa. Alikuwa anaandika. Ukimuuliza anaandika nini, anakuambia, "Naandika kile kiko." Halafu anakueleza mambo ya maji kama uko darasani, na kila akimaliza jambo moja anauliza, "Tuko pamoja?" Hatoki mpaka umjibu.

Mimi neno hilo nililisikia mara ya kwanza kwenye mlango wa kituo cha kolera, kipindupindu. Tulikuwa tumekimbia Nyunzu, mimi na dada yangu, tukalala kwenye maturubai pamoja na watu wengine, na maji ya pale yalitupiga. Mimi nilipona. Siku ninatoka, mwanaume mwenye pompi mgongoni akaninyunyizia miguu. "Huu. Ule mwingine. Mikono, geuza. Tuko pamoja?" Na mlango wa nyuma walikuwa wanamtoa dada yangu ndani ya mfuko. Sikumjibu. Akauliza tena. Nikasema tuko pamoja, ili aniache nipite.

Miaka ilipita, nikapata chumba cha nyuma kwenye parsele yake, na nikamtambua. Nikamwambia, "Papa, wewe njo ulininyunyizia miguu siku ile." Akafikiri. Akasema, "Nilinyunyizia wengi. Na pipa lako liko wapi?"

Sasa sikia muntu huyu alikuwa na nini ndani ya nyumba.

Kwenye salon yake, mahali watu wengine wanaweka televisheni, aliweka vitrine ya farmasi. Vitrine nzima ya kioo, ile wanapangia vidonge, aliichukua kwa farmasi iliyofungwa, akaziba pembe zake kwa lami ya watengeneza mitumbwi, akaijaza maji ya ziwa. Chini mchanga, juu yake majani marefu yale membamba kama utepe, aliyang'oa mwenyewe kwenye maji mafupi, na maganda ya konokono matupu. Ndani ya maganda walikaa samaki, urefu wa kiungo cha kidole. Kila ganda lina mwenyewe. Samaki hao ziwa letu limejaa, lakini nani alikuwa na habari nao? Hata kukaanga hawafai. Na juu ya hayo, vyura, wale wa maji wenye kucha, ambao hawatoki nje hata siku moja na wanakuangalia kama unawadai chakula.

Muntu ambaye alitoza jirani yetu faini kwa sababu ya maji yaliyosimama ndani ya sufuria iliyotoboka, njo alikuwa na maji yaliyosimama ndani ya salon, marefu kama jeneza.

Nilimwambia hivyo. Akanijibu, "Haya hayakusimama. Haya yanaishi."

Maji ya kubadilishia yalikuwa lazima yakae siku mbili kwenye pipa, wazi, yapumue. Pipa wazi. Nyuma ya nyumba alikuwa na tairi la lori limejaa maji, anafuga humo viluwiluwi vya mbu, kwa sababu vyura wake wanavipenda. Mimi nililala na palu, malaria, mara mbili mwaka ule, na tairi liko hatua kumi kutoka kwenye dirisha langu. Nikaenda kulimwaga. Akatoka na shati halijafungwa vifungo.

"Mama, unafanya nini?"

"Nafanya kazi yako, Papa. Wewe njo ulitufundisha tairi ni ugonjwa."

"Tairi la muntu asiyejua ni ugonjwa. Hili nalivuna kila asubuhi. Hakuna mbu anayepata mabawa hapa. Tuko pamoja?"

Nikamwonyesha mkono wangu, pale nimeumwa. Akaweka miwani, akauangalia vizuri, akasema hao ni mbu wa kwa jirani.

Wamama wa ziwani walikuwa wanamcheka waziwazi. Wakipita na mabeseni ya ndakala, dagaa wetu, wanaita kwenye dirisha, "Papa, wageni wako wamekula?" Mmoja alikuwa anasema kwamba avenue zote zinakula samaki, isipokuwa avenue hii yetu, huku ni samaki wanaokula watu. Yeye hakukasirika. Alikuwa anawaita ndani waone. Na wanaingia, wanakaa, wanasahau biashara yao. Nimeona mama mchuuzi, mwenye maneno makali kuliko wote, ameinama mbele ya kioo kile muda wa kupika ugali, anamwangalia samaki anabeba mchanga kwa mdomo kuutoa mlangoni kwake. Mwisho akasema, "Huyu anafagia kuliko mimi," akachukua beseni lake akaenda.

Maganda yale aliyapa namba. Kwenye kaye, ndiyo. Ana kaye ya samaki. Parsele namba moja, dume, mkali. Parsele namba mbili, mama na watoto. Wakigombana mpaka, anaandika. Ukitia mkono ndani karibu na namba moja, samaki yule, ambaye ni mdogo kuliko hirizi, anakuja kukuuma. Nilipiga kelele mara ya kwanza. Papa Hygiène alifurahi siku nzima. "Anajua kwake ni wapi," alisema. Nilitaka kumjibu kwamba hata mimi nilijua kwangu ni wapi, Nyunzu, na kuuma hakukunizuia kukimbia. Lakini angeniuliza kama tuko pamoja, nikanyamaza.

Vyura ndiyo walikuwa aibu yake, maana vyura hula samaki. Wakiwa wadogo wanakaa vizuri, wakikua mdomo unatosha, na asubuhi unakuta parsele namba nne haina muntu. Basi kila chura aliyefika ukubwa wa nusu ya ngumi, alimpumzisha. Njo neno lake. Anamtia ndani ya bidoni, dumu lililokatwa, anatembea naye mpaka kwenye madimbwi karibu na mto Lukuga, anamwachia, anachukua wadogo wengine. Na anaandika tarehe. Siku moja nilimwona njiani na bidoni ile, anaongea nayo chini chini. Alikuwa anaieleza habari za nyoka.

Na mimi ndiye nilikuwa napewa maagizo. Usitie mkono wenye sabuni. Nimekaa miaka na muntu huyu ananigombeza ninawe mikono, halafu kwenye maji yake ananigombeza nisinawe. Nawa kwa maji matupu, sugua na mchanga. Usimimine ndoo kwa nguvu, mimina kwenye kiganja. Usile karanga ukiwa umeinama. Nilichoka naye, nasema wazi. Kuna siku nilimuuliza, "Papa, hivi ni vya nini? Huli, huuzi."

Alikuwa anasafisha kioo na gazeti. Hakugeuka. Akasema, "Kazi yangu yote ilikuwa kuua vitu ndani ya maji. Miaka yote. Nilikuwa naangalia maji naona tu kile ambacho lazima kife. Nilitaka maji mamoja, ndani ya nyumba yangu, yenye vitu vizima, na ambayo hayaui muntu."

Halafu akaniambia ndoo niliyoleta imejaa matope, nirudi.

Binti yake wa Bendera akajifungua, akaenda kuona mjukuu. Wiki moja. Maagizo hakuyaandika, alisema nikiyasoma nitayasahau, afadhali niyashike kichwani, akanisimamisha mbele ya vitrine niyarudie kama sala. Ufunguo akanipa mkononi, akanikunja vidole juu yake.

Wiki hiyo kolera ikasikika kwenye avenue za chini. Komite ikaanza kupita nyumba kwa nyumba kutia klore kwenye mapipa. Rais wa komite yetu ni Déogratias, namtaja, kila muntu anamjua, mwenye jile, kizibao cha rangi ya machungwa, hata Jumapili. Pamoja naye Mama Chantal, anayebeba ndoo ya klore. Kazi hiyo Déogratias alifundishwa na nani? Na Papa Hygiène. Kaye ile, mistari ile, safu ya mwisho iliyoandikwa "mwenye nyumba amekubali", vyote alivichora Papa Hygiène mwenyewe kwa rula. Na sheria alimwachia yeye: maji yote yaliyo ndani ya nyumba yapate dawa, bila kuchagua.

Mimi nilikuwa ziwani. Walikuta kufuli. Pete ya kufuli ile ilikuwa imelegea, unaivuta inatoka, na Déogratias anajua hivyo kwa sababu miaka yote aliingia humo kunywa chai. Mama Chantal amenieleza baadaye, yeye mwenyewe, amekaa kwenye kiti changu.

"Nilimwambia, Prezida, hii iko na samaki. Akasema, umeona Papa Hygiène anachagua? Mwaga. Nikamwuliza kipimo cha pipa? Akasema, angalia ile majani, angalia ule uchafu, tia mara mbili."

"Na wewe ukatia."

"Nikatia, Mama. Yeye njo rais."

Papa Hygiène alirudi kesho yake mchana, na mkoba na kuku wa kupewa. Nilikuwa nimemngojea barazani tangu asubuhi. Nilimweleza kabla hajaingia. Aliingia, akainama juu ya vitrine, akanusa. Akatia kidole, akakionja kwa ncha ya ulimi. Akasema, "Kipimo kimezidi." Njo maneno yote aliyotoa mchana ule kuhusu jambo lile. Alitoa maganda yote moja moja, akayakung'uta mkononi, na kila lililokuwa na kitu ndani alikitoa kwa kijiti.

Jioni jua likiwa bado juu Déogratias akaja, na kaye kwapani. Hakuja kuomba radhi.

"Papa, pole. Lakini sisi tulifuata utaratibu. Mama alikuwepo, alikubali. Ona."

Akafungua ukurasa. Papa Hygiène macho yake yamepungua, aliisogeza mpaka puani. Akasoma kwa sauti, "Mama Nyunzu. Amekubali." Hivyo njo wananiita kwenye avenue, kwa jina la mahali nilipokimbia.

Nikasema, "Papa, mimi nilikuwa ziwani. Ndoo yenyewe ile pale."

Déogratias akasema, "Mama, wakati mwingine muntu anasahau. Ulikuwa na mambo mengi."

Nikamwangalia mzee. Nikangoja. Muntu niliyembebea maji miaka, aliyenikunja vidole juu ya ufunguo. Akafunga kaye, akamrudishia mwenyewe, akasema, "Imeandikwa."

Toka siku ile alinisalimia kama anavyosalimia nyumba yenye pipa bila kifuniko. Majani akayaanika juu ya paa yakakauka. Vitrine akaifuta, akaigeuza uso ukutani. Baada ya miezi, macho yakazidi kuharibika, binti yake akaja kumchukua, wakaenda Bendera. Mimi nilibaki kwenye chumba cha nyuma, na kisimani wamama wakiniona wanashusha sauti. Mmoja aliniambia usoni, "Wewe Mama Nyunzu, mzee alikupa nyumba, ukamuulia vitu vyake." Yule mchuuzi wa ndakala. Yeye aliyekuwa anawacheka.

Mama Chantal alikuja kwangu juu ya hilo. Alisema halali vizuri. Kaye ilikuwa kwake siku hiyo, anajaza idadi, na akaniruhusu kupiga foto ya ukurasa kwa simu. Hapo njo niliona kwa mara ya kwanza kile walichosema nimeandika. Jina, Mama Nyunzu. Amekubali. Na pale pa sahihi, msalaba.

Mimi nilifika mwaka wa tatu wa shule. Sikwenda mbali. Lakini jina langu naliandika, lote, na herufi kubwa mahali pake. Sijaweka msalaba kwenye karatasi hata ya chakula cha wakimbizi, watu wakiwa wamejipanga nyuma yangu wananiambia harakisha. Déogratias aliona mkimbizi wa Nyunzu, mwanamke anayebeba maji, akajua mwenyewe jinsi mtu wa namna hiyo anavyosaini.

Nikapanda pikipiki mpaka Bendera. Nilifika na vumbi mpaka ndani ya masikio. Papa Hygiène alikuwa amekaa nyuma ya nyumba ya binti yake, amekonda, mjukuu analala kwenye mkeka karibu na miguu yake. Alinijua kwa sauti.

"Mama. Umekuja kwa nini?"

"Kukuonyesha kitu."

Nikaikuza foto kwa vidole mpaka ule msalaba ukajaza kioo cha simu chote, nikamsogezea puani. Aliuangalia muda mrefu. Midomo yake ilikuwa inatembea.

"Huu si mkono wako," akasema. "Wewe unaandika jina lako. Uliandika kwangu siku uliyochukua chumba."

"Basi ulijua."

"Siku ile sikuona chini. Niliona kwamba imeandikwa."

Nikafikiri tumemaliza, kwamba sasa ataniomba radhi na mimi nitapanda pikipiki. Yeye akashika simu bado, akasema, polepole, kama anayesoma, "Hata mimi nilikuwa naweka. Ukikuta nyumba haina muntu, na biro, wakubwa wa ofisi, wanataka ukurasa ujae, na ugonjwa uko njiani. Unaweka msalaba, unatia dawa, unaendelea. Déo aliniona nikiweka. Sikumfundisha. Aliona."

"Nyumba ngapi, Papa?"

"Sikuhesabu."

Muntu aliyehesabu samaki.

Nikamwambia aandike karatasi, binti yake ashike Bic, aseme hivyo hivyo alivyoniambia, nikaisome kwenye mkutano wa avenue. Akakataa. Na hakukataa kwa kiburi, ndiyo maana inanikera mpaka leo. Alisema, "Wakisikia kwamba misalaba ni ya uongo, watafunga milango. Watakataa klore. Na wewe unajua kile kinachofuata, Mama. Unakijua kuliko mimi. Acha tu. Walikuwa samaki."

Anamtumia dada yangu kunifunga mdomo. Na kwa njia moja ana haki, njo inavyouma. Klore inaokoa watu. Wakija kesho nitawafungulia pipa mimi mwenyewe na kushika taa. Lakini wanikute nyumbani. Waniulize, niseme ndiyo, niandike jina langu. Ni kazi kubwa hiyo? Watu hawatafunga milango kwa sababu mtu alisema ukweli kuhusu msalaba mmoja. Watafunga siku watakapogundua wenyewe kwamba wameandikwa wote.

Nilirudi Kalemie siku hiyo hiyo. Karatasi sina. Foto ninayo.

Kwa hiyo Déogratias, nakutaja mara ya pili. Mkutano wa avenue ni Jumapili baada ya misa. Lete kaye, si nakala, yenyewe. Fungua ukurasa ule mbele ya watu, mbele ya yule mama wa ndakala, useme msalaba ule uliuweka kwa mkono upi, na mimi nilikuwa wapi. Mama Chantal atakuwepo, ameniahidi. Na wewe Papa Hygiène, binti yako ameniachia namba. Nitakupigia hapo hapo na kuweka sauti juu, watu wote wasikie. Mjipange ninyi wawili nani anaanza. Mimi nitakuwa nimekaa mbele.